Raymond Carver na kurasa zilizokosekana

Kitabu cha kwanza cha Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, nilichokishika mkononi nilikinunua Posta, Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa ametandaza turubai lake kando ya barabara. Kilikuwa kimebanwa kati ya kitabu cha uhasibu kilichopitwa na wakati na mwongozo wa kutengeneza pikipiki. Jalada lilikuwa limechanika nusu, na mgongo wake ulishikiliwa na gundi iliyokwisha kugeuka rangi. Nilikichukua kwa sababu isiyo ya kifasihi hata kidogo: hadithi zake zilikuwa fupi, nami nilikuwa na foleni ya Mbagala mbele yangu.

Ndani ya daladala nikasoma hadithi iitwayo "The Bath". Mama anakwenda kwa mwoka mikate kuagiza keki ya mwanawe, Scotty, anayetimiza miaka minane. Siku yenyewe ikifika, mtoto anagongwa na gari akielekea shuleni. Anarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, analala, haamki. Wazazi wanakesha hospitalini kwa kupokezana, na kila anayerudi nyumbani kuoga anapigiwa simu na mtu asiyejitambulisha. Mwishoni mama yuko nyumbani, simu inalia, anauliza kama ni habari za Scotty, na sauti inamjibu kwamba ndiyo, ni habari za Scotty. Nikafungua ukurasa unaofuata nikakuta hadithi nyingine kabisa. Nikarudi nyuma kuhesabu namba za kurasa, nikiwa na hakika kwamba mwenye kitabu wa awali alichana karatasi akafungia karanga. Namba zilikuwa zimetimia zote.

Ilipita miaka kabla sijajua kwamba hisia yangu ya siku ile haikuwa ya kijinga. Kurasa zilikuwa zimekosekana kweli, ila zilitolewa mwaka 1980, kabla ya kitabu kupigwa chapa, kwa kalamu ya mhariri aliyekuwa na kipaji na ubabe kwa kiwango kimoja, na mwandishi alikuwa amemwandikia kumsihi asichapishe kitabu kikiwa katika hali ile. Tangu hapo nimemsoma Carver nikijiuliza ufupi wake ulitoka wapi, na jibu limenipeleka nyuma sana ya meza ya mhariri huyo.

Carver alizaliwa tarehe 25 Mei 1938 Clatskanie, mji mdogo wa wakata mbao jimboni Oregon, akakulia Yakima katika jimbo la Washington. Baba yake, ambaye aliitwa Raymond vilevile, alitoka Arkansas katika miaka ya 1930 akitafuta kazi, akafanya kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Grand Coulee, kisha akaishia kuwa mnoa misumeno katika viwanda vya mbao. Alikuwa mnywaji, na mwaka 1957 alipoteza kazi na kuugua akili. Siku alizolazwa hospitalini, katika jengo lilelile, alizaliwa mjukuu wake wa kwanza. Mama yake Carver alihudumu migahawani na kuuza madukani. Katika insha aliyoandika juu ya baba yake, Carver anakumbuka alivyomweleza kwamba anataka kuwa mwandishi. Baba akamuuliza ataandika juu ya nini, kisha, alipoona mwanawe hana jibu, akamshauri aandike mambo anayoyajua, kama zile safari zao za kuvua samaki. Kijana akaitikia, huku moyoni akijua kwamba hatafanya hivyo. Anayezijua hadithi zake atatabasamu hapa, maana mito na samaki wamejaa humo tele.

Mjukuu huyo alizaliwa mapema kwa sababu ndoa ilifungwa mapema. Juni 1957 Carver, akiwa na miaka 19, alimwoa Maryann Burk aliyekuwa na miaka 16. Binti alizaliwa Desemba mwaka huohuo na mtoto wa kiume akafuata Oktoba 1958, kabla baba hajafikisha miaka 21. Mwaka 1958 familia ilihamia California, na Carver akajiandikisha katika chuo cha Chico, ambako alifundishwa uandishi na John Gardner, mwalimu kijana ambaye wakati huo naye alikuwa bado hajachapisha riwaya. Gardner aligundua kwamba mwanafunzi wake hana mahali pa kuandikia, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa ndogo na watoto walikuwa wachanga, basi akampa ufunguo wa ofisi yake autumie siku za Jumamosi na Jumapili. Humo ofisini mlikuwa na maboksi ya miswada ya Gardner, na Carver alikiri baadaye, bila haya nyingi, kwamba aliichungulia na hata akaiba vichwa vya hadithi kwa mazoezi.

Gardner alikuwa akikaa naye na kupitia hadithi mstari kwa mstari, akimwonyesha neno lisilo na kazi. Kanuni yake, kama Carver alivyoisimulia, ilikuwa kwamba lisemwalo kwa maneno kumi na matano lisisemwe kwa ishirini na matano. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa kuwa itarudi.

Kuhusu chanzo halisi cha ufupi, ushahidi bora ni wa Carver mwenyewe, naye anautoa katika insha iitwayo "Fires". Anaeleza alasiri moja ya Jumamosi katikati ya miaka ya 1960, mjini Iowa City, alikokwenda kusomea uandishi. Maryann yuko kazini, anahudumia mezani katika klabu ya chuo kikuu. Watoto wako kwa watoto wenzao, na yeye atakwenda kuwachukua. Kwa sasa yuko katika duka la kufulia lenye mashine zinazoendeshwa kwa sarafu, amefua mizigo mitano au sita ya nguo, nyingi zikiwa za watoto, na amekwisha kugombana na bibi mmoja juu ya idadi ya mashine alizozishika. Amesimama na kapu la nguo mbichi kwa muda wa nusu saa akingoja mashine ya kukaushia iwe wazi. Sheria ya mahali pale, isiyoandikwa, ni kwamba mashine ikisimama na mwenyewe asipotokea baada ya sekunde thelathini hivi, unatoa nguo zake na kuweka zako. Mashine moja inasimama. Carver yuko mbele yake, anahesabu. Mwanamke anakuja, anafungua mlango, anashika nguo, anaona hazijakauka vizuri, anafunga tena na kutumbukiza sarafu mbili zaidi.

Anasema machozi yalimlengalenga. Katika dakika ile alitambua kwamba hakuna jambo lolote duniani lililowahi kumpata, wala litakalompata, lenye uzito kama ukweli kwamba ana watoto wawili, na kwamba maisha yake yatakuwa daima ya kungoja mashine ya mtu mwingine. Waandishi aliowaheshimu, alifikiri, hawakuwa wakishinda Jumamosi wakigombea vikausho. Kuanzia hapo aliacha ndoto ya riwaya, kwa sababu riwaya inamtaka mtu mwenye uhakika kwamba kesho dunia itakuwa palepale alipoiacha, naye hakuwa na uhakika wa juma lijalo. Akachagua kuandika vitu ambavyo angeweza kuvimaliza kwa mkao mmoja au miwili: mashairi na hadithi fupi. Wakati mwingine mkao wenyewe ulikuwa ndani ya gari lililoegeshwa, daftari likiwa gotini.

Insha hiyo naipenda na inanikera. Mimi ni mzazi, na sijui kama ningependa wanangu wasome, wakiwa watu wazima, kwamba mimi baba yao niliwahesabu kuwa athari kubwa kuliko zote katika uandishi wangu, tena athari nzito na ya kukandamiza. Halafu kuna jambo ambalo Carver analipita haraka: alasiri ile Maryann naye alikuwa amesimama, na alisimama kwa miaka mingi, akihudumu mezani, akiuza ensaiklopidia nyumba kwa nyumba, baadaye akifundisha shuleni, ili mume wake apate saa mbili za kuandika. Ufupi wa hadithi zile ulilipiwa na watu wawili, na jina kwenye jalada ni la mmoja.

Alipata shahada yake katika chuo cha Humboldt mwaka 1963, akaenda Iowa na kuondoka bila kumaliza, akaishia Sacramento, ambako alifanya kazi ya ufagizi wa zamu ya usiku katika Hospitali ya Mercy. Kwa mwandishi ilikuwa kazi nzuri kuliko inavyosikika. Akijitahidi, alimaliza usafi mapema, akalala, na asubuhi watoto walipokwenda zao alikuwa na meza na ukimya. Kisha ukafika mwaka 1967, ambao ulichanganya yote kwa mpigo. Familia ilitangazwa na mahakama kuwa imefilisika, baba yake akafariki Juni, hadithi yake "Will You Please Be Quiet, Please?" ikachaguliwa kuingia katika mkusanyiko wa kila mwaka wa hadithi bora za Marekani, naye akapata kazi yake ya kwanza ya kukaa ofisini, ya kuhariri vitabu vya kiada mjini Palo Alto. Hapo Palo Alto ndipo alipofahamiana na Gordon Lish.

Lish naye alikuwa mhariri wa vitabu vya elimu, lakini mwaka 1969 alihamia New York kusimamia hadithi katika jarida la Esquire, na mwaka 1971 akachapisha humo "Neighbors" ya Carver, hadithi ya mume na mke walioachiwa nyumba ya majirani waiangalie, ambao polepole wanaanza kunywa pombe ya wenyewe na kuvaa nguo zao. Kwa mwandishi aliyekuwa akichapishwa katika majarida madogo yasiyolipa, huo ulikuwa mlango mkubwa. Lish alikata na kubadilisha tangu wakati huo, na Carver alishukuru. Hapa ndipo hesabu ya Gardner inaporudi: Lish, anasema Carver, aliamini kwamba lisemwalo kwa maneno kumi na matano lisemwe kwa matano.

Miaka iliyofuata pombe ilimla. Ajabu ni kwamba ndiyo miaka aliyoanza kuajiriwa kufundisha vyuoni. Mwaka 1973 alirudi Iowa akiwa mwalimu, na mwenzake katika jengo hilohilo alikuwa John Cheever, mwandishi mashuhuri na mlevi wa daraja lake. Carver alisema kwamba haamini kama yeyote kati yao aliwahi kufunua taipureta yake muhula ule. Walichofanya kwa uaminifu ni kwenda na gari la Carver kwenye duka la pombe mara mbili kwa juma, na siku moja alimkuta Cheever akizungukazunguka ukumbini kwa kihoro, akingoja saa ya duka kufunguliwa. Mwaka 1974 familia ilifilisika mara ya pili. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi, chenye hadithi 22 na jina la ile iliyochaguliwa mwaka 1967, kilitoka mwaka 1976 na kuteuliwa kugombea Tuzo ya Taifa ya Vitabu, na wakati sifa zikimwagika yeye alikuwa akilazwa: mara nne kati ya Oktoba 1976 na Januari 1977, kwa sababu ya ulevi. Tarehe 2 Juni 1977 aliacha, na hakunywa tena hadi kufa. Siku hiyo aliionea fahari kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na alilisema hilo waziwazi kwa kila aliyemuuliza.

Ndoa haikuokoka. Novemba mwaka huohuo, katika kongamano la waandishi mjini Dallas, alikutana na mshairi Tess Gallagher, na tangu mwanzo wa 1979 waliishi pamoja, kwanza El Paso, kisha Syracuse, jimbo la New York, ambako wote wawili walifundisha chuo kikuu. Hadithi alizoziandika katika miezi ile ya kwanza ya kutokunywa zilikuwa ndefu kuliko za zamani, na wahusika wake walianza kuzungumza. Mwaka 1980 alizipeleka kwa Lish, ambaye sasa alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji ya Knopf.

Zilirudi zikiwa nusu. Lish alipitia mswada mara mbili, na kwa jumla aliondoa zaidi ya nusu ya maneno. Alibadilisha vichwa vya hadithi, majina ya wahusika, na miisho. Hadithi ya Scotty ilibaki chini ya theluthi. Asubuhi ya tarehe 8 Julai 1980, baada ya kukesha, Carver alimwandikia barua ndefu ambayo sijui kama kuna mwandishi anayeweza kuisoma bila kuumia tumbo. Anamsifu, anamshukuru, anakubali kwamba huenda hadithi nyingi ni bora zaidi sasa, kisha anamsihi asimamishe uchapaji. Sababu anayoitoa si ya kisanii. Anasema hadithi hizi zimefungamana na kupona kwake, kwamba watu wake wa karibu wamezisoma zikiwa kamili, na kwamba kitabu kikitoka hivi anahofu hataandika tena. Siku chache baadaye anaandika tena kwa sauti nyingine, akiomba marekebisho madogo tu. Kitabu kikatoka mwaka 1981 kwa jina la What We Talk About When We Talk About Love, hadithi 17, karibu zote kama Lish alivyotaka, na kikampa Carver umaarufu uliodumu. Wahakiki wakamwita bingwa wa uandishi wa kubana maneno, sifa ambayo hakuipenda kamwe. Alisema ina harufu ya udogo wa maono.

Siri hiyo ilijulikana na wachache hadi mwaka 1998, mwanahabari D. T. Max alipokwenda kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambako Lish aliuza karatasi zake, akaikuta miswada yenye michirizo ya kalamu ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 2009, kwa juhudi za Tess Gallagher, mswada wa awali ulichapishwa kwa jina la Beginners, na sasa yeyote anaweza kuweka vitabu viwili kando kwa kando.

Nimefanya hivyo, na hukumu yangu haikutoka safi kama nilivyotaraji. Mimi naishi kwa kusahihisha maandishi ya watu, na najua kwamba kalamu ya kukata mara nyingi huona asichokiona mwenye kuandika. Niliwahi kupeleka hadithi kwenye jarida fulani, ikatoka na mwisho ambao sikuuandika, na jamaa zangu wote wakausifu mwisho ule. Kwa hiyo nitasema ninavyoona. "Why Don't You Dance?", ile ya mtu aliyetoa samani zake zote nje akazipanga uani kama zilivyokuwa chumbani, na vijana wawili wapenzi wakaja wakidhani ni mnada, inasimama imara katika umbo lake lililokatwa. Kuna nyingine ambazo Carver alizieleza mno, na Lish akazifuta maelezo. Lakini ya Scotty aliiua.

Katika umbo lake kamili inaitwa "A Small, Good Thing", na Carver aliirudisha mwenyewe katika kitabu kilichofuata, bila kumwomba mtu ruhusa. Mtoto anakufa. Mpiga simu, wazazi wanang'amua hatimaye, ni yule mwoka mikate, anayedai keki yake haijachukuliwa. Wanakwenda kwake usiku wa manane wakiwa na hasira ya kuua. Mama anamwambia kwamba mtoto amekufa. Mtu yule, ambaye maisha yake yote ni unga na saa za usiku, anaweka kando mti wake wa kusukumia unga, anawatafutia viti, anaomba radhi, anawapa kahawa na mikate midogo ya moto itokayo jikoni. Anawaambia wale. Kisha anawamegea mkate mweusi wanuse, na wanakaa wakimsikiliza akisimulia upweke wake mpaka kunapambazuka, na hawafikirii kuondoka. Aliyewahi kukaa msibani, akashikwa mkono na jirani na kuwekewa sahani ya wali mbele yake wakati koo limefunga, hahitaji kufafanuliwa ukurasa ule. Lish aliukata wote, akaacha simu inalia.

Niliwahi kujaribu kuitafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili yangu tu, nikakwama kwenye kichwa. Mwoka mikate anasema kwamba kula, wakati kama ule, ni kitu kidogo lakini kizuri. Nikaandika "Kitu Kidogo, Kizuri", nikaisoma kwa sauti, nikacheka mwenyewe, maana kwa msomaji wetu kitu kidogo ni kile anachoombwa na askari wa barabarani. "Jambo Dogo, Jema" ndilo nililoliacha, ingawa jambo haliliki na mkate unalika, na hadithi yote imesimama juu ya kulika kwake.

Baada ya msukosuko wa 1980 Carver hakuandika kwa miezi kadhaa, na hadithi ya kwanza aliyoandika ilikuwa "Cathedral". Mume mwenye wivu na kinywa kichafu anatembelewa na rafiki wa mkewe ambaye ni kipofu. Usiku, mke akiwa amesinzia, televisheni inaonyesha makanisa makuu ya Ulaya, na mume anashindwa kumweleza mgeni kanisa kuu linafananaje. Kipofu anamwagiza alete karatasi nene na kalamu. Anaweka mkono wake juu ya mkono wa mwenyeji, na wanachora pamoja, minara, matao, milango, hadi mgeni anamwambia mwenyeji afumbe macho na aendelee. Lish alionywa mapema kwamba safari hii hatakata, na kitabu chenye jina la hadithi hiyo kilitoka mwaka 1983 kikiwa cha mwandishi mwenyewe. Kiliingia miongoni mwa vilivyofikia hatua ya mwisho ya tuzo ya Pulitzer. Mwaka huohuo alipewa ruzuku ya Strauss ya dola 35,000 kwa mwaka, kwa miaka mitano, bila kodi, kwa sharti kwamba asiwe na kazi nyingine. Akaacha kufundisha. Mtu aliyewahi kungoja kikausho kwa nusu saa alilipwa ili asifanye lolote ila kuandika, na kitu cha kwanza alichokifanya, huko Port Angeles kando ya bahari katika jimbo la Washington, ni kuandika mashairi, mengi mno, kwa furaha ya mtoto aliyefunga shule.

Moja ya mashairi ya mwisho linaitwa "Gravy", na neno hilo kwa Kiingereza ni mchuzi mzito unaomiminwa juu ya chakula, lakini pia ni kila kinachokuja juu ya stahili ya mtu. Mchuzi wetu haubebi maana hiyo, ila akina mama wa sokoni wanalo neno lenyewe. Ukishalipia fungu la nyanya, unaomba nyongeza, naye muuzaji anakuongezea nyanya mbili, tatu, ambazo hukuzilipia na huna haki ya kuzidai. Carver anasema katika shairi lile kwamba alikuwa ameambiwa amebakiza miezi sita ya kuishi kwa mwendo aliokuwa nao, akabadilika, akapata miaka kumi ya kuishi bila pombe, akifanya kazi, akipenda na kupendwa. Nyongeza tupu.

Aliliandika akijua. Septemba 1987 alianza kukohoa damu, na Oktoba alifanyiwa upasuaji ulioondoa theluthi mbili za pafu la kushoto. Alikuwa mvutaji sigara asiyepumzika. Saratani ilirudi, ikafika kichwani. Juni 1988 yeye na Tess walifunga ndoa Reno, na tarehe 2 Agosti akafariki nyumbani Port Angeles, akiwa na miaka 50. Shairi hilo la nyongeza limechongwa kwenye kaburi lake.

Hadithi yake ya mwisho kuchapishwa akiwa hai ilitoka katika jarida la New Yorker Juni 1987, miezi mitatu kabla ya damu ya kwanza, na inahusu kifo cha Anton Chekhov, mwandishi aliyempenda kuliko wote, ambaye alikufa kwa kifua kikuu katika hoteli mjini Badenweiler, Ujerumani, mwaka 1904. Daktari, akiona hakuna la kufanya tena, anaagiza shampeni. Hayo ni ya kihistoria. Chekhov anakunywa, anageuka, anakufa. Kinachofuata kimetungwa na Carver. Asubuhi kijana mhudumu wa hoteli anapanda na chombo chenye mawaridi matatu ya njano, bila kujua kwamba kuna maiti chumbani. Mjane, Olga Knipper, anamwagiza aende kumwita mzikaji, bila kelele, bila kukimbia, na anamweleza kirefu namna ya kutembea na namna ya kushika kile chombo mbele yake. Kijana anasikiliza, lakini macho yake yamenasa kwenye kizibo cha shampeni kilichodondoka sakafuni, karibu na ncha ya kiatu chake. Anataka kukiokota, ila hataki kuonekana hamsikilizi bibi. Kisha, chombo cha maua kikiwa bado mkononi, anainama, na bila kutazama chini ananyoosha mkono na kukifumbata kiganjani.

Lish hakuigusa hadithi hiyo.